Kinywa cha Pili

Nantogma alikuja kujifunza ngoma akiwa na miaka thelathini na tisa, viatu vya ngozi vinavyong'aa, na daftari. Umri ningeusamehe. Viatu vilijimaliza vyenyewe ndani ya wiki mbili, kwa kuwa uwanja wetu una mbuzi kumi na saba na mbuzi hawajui cheo cha mtu. Daftari ndilo lililonichefua.

Kwetu Kulpeligu, mtoto wa nyumba ya ngoma hutiwa kwapani lunga, ngoma yetu ya kuminywa, kabla meno ya utotoni hayajang'oka. Akifika miaka tisa anajua nani ni mjukuu wa nani, babu yupi alikuwa chifu na babu yupi alijifanya tu, na anajua kuyasema hayo kwa ngoma, kwa kuiminya kamba na kuilegeza mpaka ipande na kushuka kama sauti ya mtu. Haandiki kitu. Angeandika wapi, kwenye mbuzi?

Na huyu hapa, mkaguzi wa shule kutoka mji wa Tamale, kipara kimeshaanza kumla, anaketi mkekani mbele ya baba yangu na kuuliza, "Mjomba, tutaanza na somo gani?"

Baba yangu ndiye Lun-Naa, mkuu wa wapiga ngoma wote wa kijiji chetu. Alimtazama mpwa wake, akaitafuna kokwa yake ya kola mpaka ikaisha.

"Tutaanza na kuku," alisema. "Banda lao limeanguka."

Nantogma akafungua daftari, akaandika. Naapa. Aliandika.

Msimwonee huruma. Mama yake, shangazi yangu Mariama, alizaliwa ndani ya kuta hizi hizi, akalelewa kwa nyama ya mbuzi ambaye ngozi yake ilivikwa ngoma. Akaolewa mjini. Sheria yetu haina kona: binti wa nyumba ya ngoma akiolewa nje, mmoja wa watoto wake hurudi kushika mkwiro. Asiporudi, ngoma humfuata huko huko aliko. Shangazi alizaa watano, akawapeleka wote shule, na kila baba alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Kaka, ngoja wakue." Wakakua. Wakaota vitambi. Na shangazi, akiwa kwa majirani zake wa mjini, alikuwa akisema kwamba kupiga ngoma ni kuomba kwa kelele. Maneno hutembea, hata yakitoka Tamale kwa miguu.

Basi ngoma ikamfuata Nantogma. Mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzo ulikuwa unamwaga chai, baadaye ukaanza kuharibu sahihi yake, na mkaguzi asiyeweza kutia sahihi ni mwanamume aliyevaa tai tu. Benki ikamkatalia hundi zake mwenyewe. Hospitali wakampiga picha za kichwa, wakampa vidonge, wakampa vingine, wakasema hawaoni kitu. Mwisho akaenda kimya kimya kwa mpiga bao, kama wasomi wote waendavyo, wakiwa wameegesha gari mbali. Mpiga bao alimwaga kauri zake, akauliza swali moja tu: "Mama yako ni binti wa nani?"

Ndiyo maana alikuja. Si kwa mapenzi.

"Nimechukua likizo ya miezi mitatu," alimwambia baba. "Inanifikisha sikukuu ya Damba. Nikipiga siku hiyo mbele ya chifu, mara moja tu, nikasikika na watu, ngoma itaniachia mkono wangu. Ndivyo nilivyoambiwa. Nisipoweza, kazini wameshaniandikia barua."

"Mara moja tu," alisema baba, akilionja neno kama mtu anayeonja nyama ya jana.

"Ndiyo, Mjomba."

"Halafu?"

"Halafu nirudi kazini."

Baba alimwonyesha banda lililoanguka. Kuku walikuwa wanangoja.

Mwezi wa kwanza hakugusa mkwiro. Alijenga banda, alipalilia viazi vikuu, alimkanda baba miguu jioni, alibeba ngoma za wengine kwenye harusi na kuzirudisha. Aliruhusiwa kuishika lunga kwapani bila kuipiga na kuiminya tu, asubuhi nzima, mpaka ubavu ukachubuka. "Kwapa ndilo linalosema," baba alimwambia. "Mkono unabisha hodi tu." Nantogma akaandika na hilo.

Siku moja aliliacha daftari mkekani akaenda kujisaidia. Nililisoma. Nilisoma shule mimi pia, msidhani. Kisha nikaenda nalo kisimani, nikawasomea wanawake kwa sauti ya mkaguzi:

"Siku ya kumi na moja. Kupalilia. Sijaona uhusiano na ngoma. Siku ya kumi na mbili. Kupalilia. Mjomba amelala chini ya kivuli. Siku ya kumi na tatu. Nimemuuliza Mjomba kama kuna mpango wa masomo. Amenipa jembe la pili."

Ndoo zilidondoka. Mama Fati alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Naeleza hapa jambo moja ili nisionekane mchokozi bila kibali. Mtoto wa shangazi yako ni mtani wako. Unaweza kumwambia lolote, kumwibia kofia, kumtangaza amekufa, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Nawe huna. Kwa hiyo nilipomwita Bwana Daftari mbele ya watu, nilikuwa ndani ya haki yangu. Ila utani una kicheko ndani yake, na changu hakikuwa na kicheko. Mimi nilimdharau. Nilimdharau kama mtu anavyomdharau mgeni aliyekuja kwenye msiba kwa ajili ya wali.

Mwezi wa pili alipewa mkwiro, na sentensi ya kwanza, ambayo ni ile ile wanayopewa watoto wote: *Kapera ni mtoto.* Maneno hayo tu, kutwa nzima, mpaka ngoma iyatamke bila kigugumizi. Kwa mtoto wa miaka sita ni mchezo. Kwa mwanamume wa miaka thelathini na tisa ambaye mke wake alifungasha akarudi kwao Bolgatanga, ni adhabu. Na kwa mkono ule! Kila aliyepita njiani alisikia, *ka-ka-kapera ni ni mtoto*, na kila aliyepita aliitikia.

"Tumesikia!" walisema vijana wenye baiskeli. "Pole sana, baba!"

"Tafuta mke, uhamie sentensi ya pili!"

Mimi nilikuwa nakaanga kulikuli, vitafunio vya karanga, pamoja na wanawake wa uani. Unga wa karanga ulikuwa mikononi mwangu, mafuta yamechemka, na hamu ya kusema ilikuwa imenijaa.

"Nantogma," nilisema, "ngoma yenyewe imechoka kukusengenya. Iache ipumzike, itatangaza na lingine."

Wanawake wakacheka. Naye akacheka. Akapumzisha mkwiro gotini, akanipima kwa macho yake yale ya mkaguzi.

"Kapera ni mtoto," alisema. "Sawa. Basi humu ndani tuko watoto wawili, Sanatu. Mimi mke wangu alikwenda mwenyewe. Wewe ulirudishwa. Kama sufuria iliyoonekana imetoboka ikiwa nyumbani tayari."

Walicheka zaidi. Mama Fati alijipiga paja. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa sheria ndivyo inavyotaka. Miaka minne nilikaa kwa mume huko Savelugu bila kushika mimba, na mume mwenyewe alinirudisha na mkeka wangu kwenye pikipiki, akashusha mkeka kwanza, kisha mimi. Mafuta ya moto yaliniruka kwenye kifundo cha mkono. Sikuyasikia.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba Bwana Daftari ataondoka Kulpeligu kabla ya Damba.

Njia ilijileta. Wiki mbili kabla ya sikukuu, baba alimgawia kazi yake. Siku ya Damba wakubwa huingia uwanjani mmoja mmoja kucheza, na kila mmoja huchezea jina la sifa la babu zake, linalopigwa na wapiga ngoma. Bila jina hilo mtu hachezi. Atazungusha joho lake kama shuka kwenye kamba. Nantogma alipewa mtu mmoja: Wulana, mzee msemaji wa chifu. Jina moja, mtu mmoja, mara moja, kama alivyotaka.

"Jina lake ni lipi, Mjomba?" alisema, kalamu iko tayari.

"Katafute."

"Kwa nani?"

"Nyumba hii ina masikio mengi. Anza na Sanatu, bibi yake alimjaza majina kama gunia. Lakini sikiliza, maana hili sitalirudia. Jina halichukuliwi kwenye kinywa kimoja. Ukipewa, sema hukusikia, nenda kwa mwingine ukaulize kana kwamba hujui kitu. Likilingana, ni jina. Jina la kinywa kimoja ni uvumi."

Hakuandika. Daftari lote lile, na hilo hakuliandika.

Alinikuta nachambua karanga. Aliniletea maji bila kuombwa, akachuchumaa.

"Binti wa mjomba, nisaidie. Jina la nyumba ya Wulana."

Jina la nyumba ya Wulana analijua kila mtoto: *Kivuli cha mti hakimchagui mgeni.* Lingetoka mdomoni kwangu bila hata kuacha karanga. Lakini chini ya jina hilo kuna jingine. Babu wa babu yake Wulana hakuja Kulpeligu kwa hiari. Aliletwa akitembea nyuma ya farasi, kamba shingoni, na chifu wa wakati ule alimpata kwa magunia mawili ya chumvi. Alikuwa na akili kuliko waliomnunua, na wanawe wakawa wasemaji wa chifu mpaka leo. Wazee wanajua, na hakuna anayesema. Sisi wapiga ngoma tunajua zaidi kuliko wazee, na ndiyo maana tunasema kidogo kuliko wao. Baba hutuambia sote kwamba kupiga ngoma ni hivyo: nusu ni kupiga, nusu ni kunyamazia.

Jina la mtu yule, enzi za kamba shingoni, lilikuwa *Sina mlango, nalala ukumbini kwa watu.* Bibi yangu alinipa jina hilo akinisuka, kisha akanifinya sikio mpaka damu ikatoka. "Umelisikia," alisema, "ili ujue usilopaswa kulisema."

"Andika," nilimwambia Nantogma. "*Sina mlango, nalala ukumbini kwa watu.*"

Aliandika, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Mkono ukitetemeka.

"Maana yake ni unyenyekevu?" aliuliza.

"Ndiyo, mkaguzi. Unyenyekevu mtupu."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Angekwenda kuuliza kwenye kinywa cha pili kama alivyoagizwa, na jina lingemfikia baba. Baba angelisikia, angeinuka, na Nantogma angefukuzwa uwanjani na mkwiro ukimfuata mgongoni. Mimi ningesema ulikuwa utani. Mtoto yeyote wa nyumba ya ngoma, hata mjinga kuliko wote, angekwenda kwenye kinywa cha pili. Hata kaka zangu wawili walioikimbia ngoma wakaenda kuuza vipuri Kumasi wangekwenda, na wale ni wapumbavu waliohitimu.

Siku zikapita. Baba hakupiga kelele. Nilimwona Nantogma nyuma ya ghala akijifunza kwa kuminya tu, bila mkwiro, midomo ikisogea. Nikajua kwamba hajamuuliza mtu. Alikuwa ameandika, na kwa watu wa aina yake kilichoandikwa kimekwisha kuwa kweli.

Ningeweza kumwambia. Kulikuwa na siku tisa. Kila siku nilijiambia, atauliza tu. Si kazi yangu kumfundisha adabu mzee mwenye kipara. Nilikaanga kulikuli zangu.

Siku ya Damba jua lilikuwa limesimama katikati, vumbi limekaa hewani, na watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Chifu alikuwa ameketi juu ya ngozi zake, ndizo kiti cha enzi cha kwetu. Wapiga ngoma ishirini na mbili walisimama nusu duara, baba mbele, Nantogma pembeni kabisa katika joho la kuazima lililomfika magotini. Nilikuwa nyuma yao na wanawake wa nyumba.

Wulana akaingia. Ni mtu mrefu, mzuri wa kutazama hata kwa uzee wake, na joho lake lilikuwa na mapana ya kutosha kufunika ng'ombe. Baba akamwashiria Nantogma kwa kidevu.

Lazima niseme ukweli hapa, na unaniuma kama jino: alipiga vizuri. Mkono ulitetemeka, ndiyo, lakini kwapa lilitamka. Kila neno lilitoka zima.

*Sina mlango. Nalala ukumbini kwa watu.*

Vijana waliendelea kushangilia, kwa kuwa vijana wa siku hizi wanaisikia ngoma kama mbwa anavyosikia hotuba. Lakini Wulana alisimama na mguu mmoja hewani. Joho lililokuwa limefunguka likamshukia taratibu. Bibi mmoja aliyekuwa anapiga vigelegele aliufunga mdomo wake kwa kiganja. Na Nantogma, akidhani mzee anangoja arudiwe, akarudia.

Mkono wa mpwa wa Wulana, Abukari, ulikwenda kiunoni penye kisu.

Baba hakugeuka. Hakumtazama Nantogma, hakunitazama mimi. Alichofanya ni kuinua mkwiro wake na kuingia pale pale sentensi ilipoishia, kana kwamba walipanga, kana kwamba mpwa alitakiwa kufungua na mjomba kufunga:

*Sina mlango, nalala ukumbini kwa watu. Chifu hana mlango. Mpiga ngoma hana mlango. Mwenye nyumba ni Mungu peke yake, na sisi sote tumelala ukumbini kwake.*

Sifa za Mungu ndizo hufungua kila upigaji wetu, hakuna wa kuzikataa. Ngoma ishirini na moja zikamwitikia. Chifu mwenyewe akainamisha kichwa. Kisha baba, bila kupumua, akaangusha jina lenyewe: *Kivuli cha mti hakimchagui mgeni*, na mguu wa Wulana ukakanyaga chini, na joho likafunguka, akacheza. Abukari akaachia kisu.

Lakini aliyesikia alikuwa amesikia.

Alasiri tuliitwa kwenye ukumbi wa chifu. Nilikwenda nyuma ya baba. Ndani kulikuwa na wazee saba, chifu, Wulana, na Abukari, ambaye ni mwalimu na anajua kusoma, kwa bahati yangu mbaya. Nantogma aliketi chini katikati, joho lake la kuazima limekunjamana, kipara kinang'aa.

Wulana hakupaza sauti. Watu waliozaliwa kusema hawapazi.

"Lun-Naa ameniokoa mbele ya watu, namshukuru. Sasa tuko ndani. Maneno yale hayajapigwa tangu babu yangu yu hai. Hayaoti kwenye mtaro. Kuna mdomo umeyatoa. Nautaka."

Chifu akamgeukia baba. "Sheria inasemaje, Lun-Naa?"

"Nyumba iliyolitoa," alisema baba, sauti tambarare, "ngoma yake hupasuliwa ngozi mlangoni. Na mkuu wake huvua kofia ya ukuu."

Alikuwa anajihukumu mwenyewe. Alijua. Jina lile baada ya bibi kufa lilibaki kwenye vichwa viwili tu vya nyumba yetu, chake na changu, na chake hakikuwa kimesema.

"Wewe mtu wa mjini," alisema Wulana. "Nani alikupa?"

Nantogma alikuwa na kila kitu cha kupata. Angesema jina langu, akatoka pale akiwa mgeni aliyedanganywa, mkwiro wake mkononi, Damba yake imehesabiwa. Na nilikuwa nimemdhihaki tangu siku ya kuku. Nilimtazama nikingoja. Ningekuwa mimi, ningesema.

"Hakuna aliyenipa," alisema.

"Uliota?"

"Nilipewa jina sahihi, mzee wangu. La kivuli. Lakini nilitaka kuongeza yangu, nionekane najua. Nikaunga maneno ya unyenyekevu kutoka kichwani. Mimi sijui historia ya mtu hapa. Mnaujua mkono wangu, nao haujui chochote." Akauinua. Ulikuwa unatetemeka kama jani. "Nilikuja mkaguzi, naondoka mpumbavu. Nisameheni."

"Daftari," alisema Abukari. "Huyu huandika kila kitu. Hata kijiji kizima kilisomewa kisimani. Lete daftari."

Nililijua daftari lile. Mbele ya kila jina alikuwa anaandika, kwa mwandiko wa karani, nani alimpa na tarehe. Nantogma alilitoa mfukoni mwa joho, akampa kwa mikono miwili. Abukari akafungua, akapekua, akarudi, akapekua tena. Midomo yake ilisogea akisoma. Kisha akaanza kutabasamu bila kutaka.

"Siku ya kumi na tatu," alisoma kwa sauti. "Amenipa jembe la pili."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaficha uso. Chifu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha tumbo, na kikishaanza kwa chifu hakuna wa kukizuia. Walimcheka Nantogma mpaka machozi yakatoka. Mkaguzi aliyejitungia sifa! Aliyetaka kumpamba Wulana akamwongezea umaskini! Hata Wulana, mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeumwa na nyuki kumbe ni nzi. Sijui kama aliamini. Nadhani aliamua kuamini, na hiyo ni kazi ya msemaji.

Hukumu ilikuwa ya mpumbavu, haikuwa ya msaliti: mkwiro wake uwekwe kwa Lun-Naa mpaka Damba tatu zipite. Na ile aliyopiga isihesabiwe.

Kwa maneno mengine, alikosa kile kile alichokifuata. Alirudi Tamale na mkono wake ukitetemeka vile vile na barua ya kazini ikimngoja.

Asubuhi ya kuondoka alikuja uani nilipokuwa nawasha moto. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimekufa. Alivaa ndala za baba.

"Binti wa mjomba," alisema, "mwanafunzi humpa mwalimu kola. Wewe ni mwalimu wangu wa kwanza kunifundisha kitu."

Akanipa kola moja iliyofungwa kwenye karatasi yenye mistari. Niliifungua. Ilikuwa ukurasa. *Sina mlango*, na mbele yake, tarehe, na *Sanatu*.

"Uliuchana lini?"

"Kabla hatujaitwa ukumbini. Mjomba alipoidaka ngoma yangu nilitazama nyuma, nikaona uso wako."

"Kwa nini?"

"Mjomba alisema nusu ya ngoma ni kunyamazia. Hilo sikuliandika, nikaogopa nitalisahau."

Niliitia karatasi kwenye moto chini ya chungu. Kola niliitafuna. Ilikuwa chungu, kama zilivyo zote.

"Ulipiga vizuri jana," nilisema. "Kwa sufuria iliyotoboka."

"Sufuria ni wewe, Sanatu."

"Nyamaza uende zako, Bwana Daftari."

Baba hakuniuliza kitu siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Kuna baba wanaopiga. Ningempenda zaidi angepiga. Alichofanya ni kuniita Ijumaa iliyofuata, Nantogma aliposhuka kwenye lori akiwa na kuku wa zawadi na bila daftari. Kazi hakuipoteza: walimpa dawati la faili ambalo halihitaji sahihi. Baba alitukalisha wote wawili mkekani. Hakuna ngoma, hakuna mkwiro.

"Nitampa jina," aliniambia baba. "Kisha ataondoka hapa, atakuja kwako, atauliza kana kwamba hajui. Wewe ni kinywa cha pili. Kila Ijumaa, mpaka Damba tatu zipite."

Ndivyo tunavyofanya. Bado namdharau. Anaketi kama mtu anayesubiri zamu ya daktari, anakosea vizazi, anawachanganya babu na wajomba, na mkono wake bado unatetemeka. Watu wakiniuliza ngoma itamwachia lini, nawaambia ngoma haina saa. Lakini Ijumaa ikifika huwa nimemaliza karanga mapema. Anatoka kwa baba, anazunguka ghala, anakuja kuchuchumaa pale pale alipochuchumaa siku ile, na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu:

"Sanatu, eti nyumba ya Wulana wanaitwaje?"

Nami namwambia. *Kivuli cha mti hakimchagui mgeni.*

"Sikusikia vizuri," anasema mpumbavu yule, na ananifanya niseme tena.